Wati za Dubai

Naomba kuuliza wenzangu mnaonunua spika za mtumba pale Kariakoo: ni nani aliyewaaminisha wauzaji kwamba ubora wa spika hupimwa kwa ukubwa wa boksi na kwa namna bati la kibanda linavyotetemeka? Mimi ni mpenzi wa roki, jambo ambalo kwetu Mbagala huhesabiwa kuwa ni maradhi, na nimeshazoea kupewa pole. Ninachotaka ni gitaa lisikike na makali yake, na mama watoto anataka spika hizohizo zimfikishie maneno ya tamthilia bila kulazimika kuuliza kila mara, "Kasemaje huyo?"

Kijana muuzaji aliniamkia vizuri, kisha akanionyesha maboksi yaliyonifika kiunoni. "Mzee wangu, hizi ni wati 5000." Nilimweleza kwamba soketi ya ukutani yenye ampea 13, kwa umeme wetu wa volti 230, haifikishi hata wati 3000, kwa hiyo kama maandishi yale ni ya kweli, itabidi TANESCO wanivutie waya wangu mwenyewe kutoka bwawa la umeme la Mtera. Alifikiri kidogo, akanijibu kwamba hizo ni wati za Dubai.

Nikaomba kitambaa cha mbele kivuliwe. Spika ya besi ilikuwa na ukingo wa sponji, nayo sponji, wanunuzi wenzangu, huoza kwa umri na unyevu hata kama spika haijawahi kupigwa. Na kwa joto letu la Pwani mjue wenyewe hali yake. Niliugusa kwa ncha ya kidole, ukamegeka kama kashata iliyolala, na vipande vyeusi vikanata kidoleni. Kijana akasema hilo ni vumbi. Nilipotaka kuibonyeza taratibu karatasi ya spika, ile inayotetemeka kutoa sauti, ili nisikie kama koili, yaani waya uliozungushwa nyuma yake, inakwaruza ndani, alinishika mkono na kunionya kwamba nitaharibu mali ya watu.

Hapo ndipo nilipouliza habari ya spika ya kati, ile ndogo inayolala chini ya televisheni, ambayo katika seti ya spika tano na sabufa moja ndiyo hubeba sehemu kubwa ya maneno ya waigizaji. Nikaambiwa imeshauzwa peke yake kwa mwenye saluni ya kinyozi. Kwa hiyo mabomu ya filamu ningeyapata yote, ila ningeendelea kutojua ni nani aliyeyatega, na kwa nini.

Jaribio lenyewe lilikuwa la singeli, besi ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, na katika kishindo cha namna hiyo hata twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, iliyokufa zamani huzikwa bila mtu kujua. Waya wa chini kabisa wa gitaa la besi hutoa sauti ya takriban hezi 41 tu, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na sabufa ya kawaida huimudu bila taabu; uhai wa roki uko katikati, kwenye gitaa na koo la mwimbaji, mahali ambapo hakuna muuzaji anayejisumbua kupajaribu. Nikatoa simu yangu, nikaomba apige wimbo wangu mmoja tu. Gitaa lilipoanza kunguruma, fundi wa kibanda cha jirani alikuja mbio na bisibisi mkononi, akiuliza ni spika ipi iliyopasuka.