Uhusiano wa Umma: Kazi ya Kushauri au ya Kusafisha?

Wengi huvutiwa na kazi ya uhusiano wa umma kwa yale yanayoonekana: mikutano na waandishi wa habari, hafla, safari na ukaribu na wakubwa. Wakosoaji, kwa upande wao, humwona afisa uhusiano kama fundi anayepaka rangi ukuta uliopasuka. Kwa maoni yangu, thamani ya kazi hii hutegemea zaidi wakati ambapo afisa huyo huitwa kutoa ushauri, kabla ya uamuzi kufanywa au baada ya mambo kuharibika.

Watetezi wa fani hupenda kutaja mkasa wa mwaka 1982, watu 7 walipofariki katika eneo la Chicago baada ya kumeza vidonge vya Tylenol, dawa ya kutuliza maumivu, vilivyotiwa sumu ya sianidi. Johnson & Johnson iliziondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31 na kuwaonya wateja waziwazi, na dawa hiyo baadaye ikarudi madukani katika vifungashio vipya vigumu kuchezewa. Mfano huo ni mzuri, ingawa husimuliwa kana kwamba ufasaha ndio ulioiokoa kampuni, wakati taarifa zake ziliaminika kwa sababu zilieleza hatua iliyokwisha kuchukuliwa. Msemaji hodari asingeweza kuiokoa dawa ambayo bado ilikuwa imepangwa kwenye rafu.

Wakosoaji nao hawakosi ushahidi. Mwaka 2017 kampuni ya uhusiano wa umma ya Bell Pottinger ya Uingereza ilifukuzwa uanachama katika chama cha wanataaluma wenzake kwa sababu ya kampeni iliyochochea chuki za rangi nchini Afrika Kusini, wateja wakaikimbia, na muda mfupi baadaye ikaanguka. Waliopoteza ajira ni pamoja na watu ambao hawakuwahi kuigusa kampeni hiyo, jambo linaloonyesha kwamba katika kazi hii sifa ya mwajiri humwandama mwajiriwa.

Lipo pia tatizo la kupima kazi yenyewe, kwani kashfa iliyozuiwa haionekani popote. Kwa miaka mingi ofisi zilihesabu habari zilizochapishwa magazetini na kuzilinganisha na bei ya matangazo, kipimo ambacho wataalamu wa tathmini walikikataa rasmi mjini Barcelona mwaka 2010.

Hata hivyo, kuitwa mapema na kuketi karibu na wenye maamuzi hakutoshi. Ivy Lee, Mmarekani anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa fani hii, mwaka 1906 aliishawishi kampuni ya reli ya Pennsylvania itoe taarifa yake yenyewe kuhusu ajali ya treni karibu na Atlantic City, wakati ambapo kampuni za reli zilizoea kuficha mambo ya namna hiyo. Lee huyohuyo, baada ya mauaji ya wachimba makaa ya mawe waliogoma pamoja na jamaa zao huko Ludlow, katika jimbo la Colorado, mwaka 1914, alisambaza vijarida vya kuwatetea wamiliki wa migodi vilivyokuwa na takwimu zisizo sahihi. Alikuwa na sikio la familia ya Rockefeller, matajiri waliokuwa na hisa kubwa katika migodi hiyo, na ushauri wake ulisikilizwa. Lakini tume ya serikali ilipomuuliza alifanya jitihada gani kuhakiki aliyoambiwa na wamiliki hao, alikiri kwamba hakufanya yoyote.