Ulimi haumezwi, wekeni kijiko chini

Mtu akianguka kifafa pale Muthurwa, Nairobi, hutachelewa kusikia "Leteni kijiko!" Wanaopaza sauti hiyo wana nia njema kabisa: wanahofia mgonjwa atameza ulimi. Naomba tuiache imani hii, kwa sababu ulimi umefungwa kwenye kidevu.

Upande wa ndani wa mfupa wa taya la chini, nyuma tu ya kidevu, kuna kinundu kidogo. Hapo ndipo unapoanzia msuli uitwao jenioglosa, uliotanuka mithili ya upepeo wa kuchochea jiko. Nyuzi zake za juu huelekea ncha ya ulimi, za kati huenea hadi shinani, na za chini hushuka kwenye mfupa wa hayoidi, juu ya koo. Ukitoa ulimi nje, ni msuli huu unaousukuma, wa kulia na wa kushoto kwa pamoja, kwa amri ya neva ya 12 ya ubongo. Neva ya upande mmoja ikiumia, ulimi ukitolewa hupinda kuelekea upande huohuo.

Ila kazi yake kubwa ni kushikilia ulimi mbele ili hewa ipite. Usingizini hulegea kiasi, ndipo wengine hukoroma na baadhi pumzi hukatika kabisa kwa muda. Pombe huulegeza zaidi. Kwa aliyezimia akiwa chali, ulimi huangukia nyuma na kuziba njia ya hewa. Hatari ni hiyo, na kijiko hakiiondoi. Huvunja meno na kuchana ufizi, basi.

Anapotetemeka, usimbane. Ondoa vitu vigumu karibu naye, mwekee sweta chini ya kichwa. Mtetemeko ukiisha, mgeuze alale ubavu, mate yatoke na ulimi usizibe koo. Mtetemeko ukizidi dakika 5, hospitali mara moja. Aliyefunzwa huduma ya kwanza huweza pia kusukuma taya la mgonjwa aliyezimia mbele, nao ulimi hufuata, kwa kuwa msuli umeshikamana na taya. Hilo hunistaajabisha kila nikilifikiria.

Makanga na watu wa bodaboda ndio hufika kwanza mtu anapoanguka jijini. Sacco zao hukutana kuzungumzia nauli na mikopo. Zitenge saa moja kwa jambo hili, wanachama wageuzane ubavu wao kwa wao hadi mikono izoee.