Mtindio wa ubongo si jibu la kila mtoto

Mtoto akichelewa kukaza shingo, akafikisha mwaka hajakaa, kwetu jibu huwa liko tayari: mtindio wa ubongo. Mara nyingi ni kweli. Ila wapo wachache ambao ubongo wao uliumbika tofauti tangu tumboni, na kuwaingiza kwenye fungu hilohilo kunaweza kuwagharimu figo.

Nazungumzia sindromu ya Joubert. Mwaka 1969 daktari Marie Joubert na wenzake, mjini Montreal, Kanada, walieleza habari za ndugu wanne waliokosa sehemu ya kati ya ubongo mdogo, ile inayosaidia mwili kushika mizani. Hukadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 80,000 hadi 100,000.

Dalili mama huziona kabla ya daktari. Mwili umelegea, macho yanachezacheza yenyewe. Halafu pumzi: mtoto kalala tuli, ghafla anahema mbiombio, kifua kinapanda na kushuka, kisha pumzi inakatika sekunde kadhaa, kisha anaendelea kama hakuna kitu. Mkifika kliniki katulia. Nawasihi wazazi, mrekodini kwa simu, na msikubali kurudishwa nyumbani kabla video haijatazamwa.

Uthibitisho hutoka kwenye MRI, kipimo kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Picha ya mkato wa mlalo kwenye shina la ubongo huonyesha umbo la gego na mizizi yake. Anayeijua alama hiyo huitambua mara moja, asiyeijua huipita. Gharama ya kipimo hicho ni mzigo kwa familia nyingi, na mashine zenyewe ziko miji mikubwa.

Kuna wanaouliza: kama hakuna dawa ya kuuponya, jina la nini? Swali hilo linaniuma. Ugonjwa huu unaweza kuharibu figo, ini na retina ya jicho miaka baadaye. Figo huanza kimyakimya: mtoto ana kiu isiyokwisha, anakojoa sana, na nyumbani wanasema ni joto. Mwenye jina la ugonjwa hupimwa damu, mkojo, presha na macho kila mwaka. Asiye nalo hufikishwa hospitali kavimba.

Tena kwa kawaida kasoro hii hurithiwa kwa baba na mama wote wawili, wenyewe wakiwa wazima, na kila mimba ina uwezekano wa robo. Mawifi wanaomnyooshea mama kidole waambiwe hivyo, na daktari mwenyewe, baba akiwapo.