Injini Ipi, Wajameni?

Hiace yangu ya kubebea viti vya harusi imeua injini, na tangu hapo kila mtu Mombasa ni fundi. Muuza kahawa ana injini anayoisifia. Shemeji yangu, ambaye hata baiskeli humwangusha, naye ana yake.

Iliyokufa ni ile Toyota huiita 2L, dizeli ya cc 2,446. Nikipanda daraja la Nyali na viti vimejaa hadi darini, moshi mweusi ulikuwa ukinifuata nyuma kama mdai. Kanuni za kulinda hewa haziutaki moshi huo. Abiria wa tuktuk nao hawautaki, ndiyo maana walikuwa wakimtaja mama yangu na wala hawamjui.

Fundi wa Changamwe kasema, "Ami, tia 5L umalize." Nayo ni dizeli, ukubwa wake lita 3, inakaa kwenye maunti zilezile, yaani vishikizi vya injini, na kompyuta haina. Haya, lakini nozeli, vile vidude vya kunyunyizia dizeli, zikichoka nayo inafuka vilevile, na nozeli za mtumba nani ajuaye zimechokea wapi?

Mwenzake akadakia: "5L ya wazee hiyo! Weka 2KD." Dizeli ya kisasa hiyo, moshi kidogo, kweli. Ila inakuja na boksi la kompyuta, sensa kila pembe na rundo la waya linalotaka fundi wake peke yake. Halafu nozeli zake zina madeko, uchafu kidogo tu zinasusa. Salfa, uchafu mmojawapo wa dizeli, ilishushwa Kenya hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, alhamdulillahi, lakini mchanga ulioko kwenye dumu la dereva wangu nani ataushusha?

Basi nikageukia petroli, 1TR. Safi, haina masizi kama ya dizeli. Nikauliza, katalitiki, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, iko wapi? Muuzaji akacheka. "Hiyo inauzwa kando, mzee." Na fundi, bila hata haya, akaniambia nisihangaike kuinunua, eti inaibana injini, atanichomea paipu tupu! Yaani kile kinachosafisha moshi ndicho cha kwanza kutupwa.

Na namba ya injini lazima ibadilishwe kwenye logibuku. Nikamwomba muuzaji risiti ya kuionyesha huko. "Risiti ya nini, ami? Injini si hiyo unaiona?"

Harusi ya Majengo haingoji, viti vimekwenda kwa mkokoteni. Moshi hautoi, sensa haina, na mwenye mkokoteni kanitoza kwa kila kiti. Zulia la bibi harusi nalo kalihesabu viti viwili.