Bunduki ya upepo ya springi: chukua ile isiyo na mbwembwe

Kuna namba moja wanaiandika kubwa kwenye boksi la bunduki ya upepo, na hiyo namba ndo iliyonilia pauni 140 mwaka wangu wa kwanza wa huu mchezo. Futi 1,000 kwa sekunde! Nikaona hapa ndo penyewe. Nimetoka zangu zamu ya usiku ghalani, macho mekundu, hela ya ovataimu iko mfukoni, na muuzaji ananiambia ina nguvu hiyo, ina darubini juu, ina kibegi cha bure. Nikabeba.

Ile namba sio uongo, ila imepikwa. Hapa Uingereza sheria imeweka dari, bunduki ya upepo usiyoiombea leseni haitakiwi kuzidi futi-paundi 12 (hicho ni kipimo cha nguvu ya risasi ikitoka mtutuni), sawa na kama jouli 16, kwa hiyo bunduki nyingi dukani ziwe za bei rahisi au za bei mbaya zinagonga dari lile lile. Wanachofanya wanaipima kwa kirisasi chepesi cha aloi ambacho hakuna mtu mwenye akili zake anakitumia kulenga shabaha, kinatoka mbio kama kishada kilichokatika uzi, halafu wanaandika ile spidi kwenye boksi. Ukiweka risasi ya kawaida ya madini ya risasi yenye milimita 4.5, ile ya gramu 0.55 hivi, ukiwa umeigonga dari kabisa unapata futi 800, haizidi. Sasa hiyo elfu imeenda wapi? Imebaki kwenye boksi.

Miezi miwili ya kwanza nilikuwa napiga vizuri kiasi, nikajiona mwanajeshi. Wa tatu tundu zikaanza kutawanyika, leo ziko kushoto, kesho ziko juu, mita 20 tu nilikuwa natoboa karatasi eneo la ukubwa wa kisosi cha chai, nikawa najilaumu mkono. Kumbe skrubu mbili za mbele zinazoshika mti wa bunduki zimelegea, nikakaza, wiki ijayo zimelegea tena, na nikija kutahamaki ile darubini ya bure uzi wake wa ndani, ule msalaba wa kulengea, umekatika unazunguka kama saa ya mtumba. Nikairudisha dukani wakaniambia darubini haina waranti. Haya.

Hapa ndo inabidi uelewe hii mashine inafanya nini, maana watu wengi wanadhani haina teke kwa sababu haina baruti. Ukiikoki unabana springi nene nyuma ya pistoni. Ukivuta triga pistoni inachomoka mbele, bunduki inasukumwa nyuma, halafu pistoni inafika mwisho inagonga mto wa hewa na bunduki nzima inarudishwa mbele, na yote hayo yanatokea risasi bado iko ndani ya mtutu inatembea zake. Yaani bunduki inakupiga teke mara mbili kwa pande mbili tofauti kabla risasi haijatoka. Darubini ambayo inavumilia bunduki kubwa ya kuwindia inaweza kufa kwenye hii, kwa sababu ile ya kuwindia inasukuma upande mmoja, hii inatikisa huku na huku kama daladala kwenye matuta. Na springi ikiwa kubwa zaidi ndani ya bunduki nyepesi ya bei rahisi, ndo kila kitu kinalegea mapema, skrubu, darubini, bawaba ya mtutu, na bega lako.

Kwa hiyo maoni yangu, na najua kuna watakaonishukia: kama hela yako ni ndogo na unataka bunduki itakayolenga mwaka huu na miaka kumi ijayo, usinunue nguvu. Nunua ndogo iliyotengenezwa vizuri, hata kama imetumika. Mimi yangu ni Weihrauch HW30S, Mjerumani, kampuni imeanza 1899 na sasa iko mji unaitwa Mellrichstadt. Ina kilo mbili na nusu tu. Nguvu yake ni kama nusu ya ile dari ya sheria, kitu kama futi-paundi 6 au 7, kwa hiyo risasi inatoka na futi 600 kwa sekunde, namba ambayo hakuna mtu wa matangazo ataiandika kwenye boksi. Lakini triga yake ni ile ile ya Rekord wanayoweka kwenye bunduki zao kubwa, inakatika kama kuvunja njiti ya kiberiti, na mita 20 nikiwa nimetulia risasi tano zinaingia sehemu ya sarafu ya peni 5. Kila mwaka. Sio siku moja ya bahati.

Niliinunua kwa babu mmoja Mwingereza, gereji kwake, pauni 130, na kabla sijatoa hela alinifundisha mwenyewe namna ya kumkagua yeye! Kwanza akanionyesha vichwa vya skrubu, akasema kama vimetafunwa na bisibisi ujue kuna fundi wa mtaani ameshaingia humo ndani. Halafu akafunga mtutu, akanipa niusukume kushoto kulia kwa vidole, ukicheza hata unywele ondoka, kwa sababu darubini iko juu ya bomba lenye pistoni na mtutu uko kwenye bawaba, mtutu ukihama darubini haijui. Akanusa pale risasi inapoingia, ikinuka mafuta yaliyoungua maana yake mtu kamwagia mafuta ndani, hewa ikibanwa inapata joto inayachoma, inapiga kishindo kama baruti, na sili ya pistoni inakufa kidogo kidogo. Mwisho akachana kipande cha tishu chembamba, akakiweka juu ya maungio ya mtutu, akaweka risasi, akapiga kwenye sanduku la mchanga. Tishu haikuruka. Akasema hewa yote imeenda mbele, sili nzima, sasa nipe hela yangu.

Yule babu anacheza kengele. Hapa Birmingham na maeneo ya jirani kuna mchezo wa zamani wa baa, kuna bamba la chuma lina katundu kadogo, kama milimita 9 na nusu, nyuma yake kuna kengele, unasimama yadi 6 unapiga kwa mkono mtupu bila kuegemea, ikipita kengele inalia. Yadi 6! Nikacheka. Nikapiga kumi, zikalia tatu. Sikucheka tena.

Na usidhani huu mji umeingia kwenye hii habari kwa bahati mbaya. Babu yangu mzaa baba kule Muheza alikuwa na baiskeli ya BSA, na pale mbele chini ya usukani ilikuwa na nembo ya bunduki tatu zimeegemezwa pamoja, utotoni nilikuwa najiuliza baiskeli na bunduki wapi na wapi. Kumbe BSA ni kiwanda cha silaha cha Birmingham hapa hapa, baiskeli zilikuja baadaye, na bunduki ya upepo walianza kutengeneza 1905. Siku hizi jina liko chini ya Gamo ya Hispania. Bunduki zao za zamani za Meteor bado unazikuta kwa bei ya viatu vya mtumba, na kama mtutu haujapata kutu ndani mimi nakwambia zina thamani kuliko lile boksi langu la futi elfu.

Ukitaka nguvu kamili kwa sababu zako, sawa, tazama Diana 34 au HW95 ya hao hao Weihrauch, ni nzito kidogo lakini uzito ndo unaotuliza lile teke. Za gesi badala ya springi kuna wanaozisifia, hazichoki ukiziacha zimekokiwa. Ila gesi ikivuja wewe na mimi hatuna cha kufanya nyumbani, springi ikivunjika naagiza nyingine, nabadilisha jikoni mke wangu akiwa kazini. Kwa kifaa chake cha kubania lakini, usiifungue kwa mikono, springi imebanwa humo hata kabla hujakoki na ikichomoka itakutafuta jicho.

Kinachobaki ni kuitunza na sio kazi. Usiiache imekokiwa wakati unapiga stori. Usipige bila risasi, ule mto wa hewa niliousema unakuwa haupo na pistoni inagonga chuma kwa chuma. Kaza skrubu za mti kila baada ya kopo moja la risasi, kaza za kawaida tu, sio kama nati za tairi. Wakati wa kuweka risasi mkono mmoja ushikilie mtutu muda wote, ukifyatuka unajifunga wenyewe na vidole viko katikati. Na usiikumbatie bunduki, iache ilale juu ya kiganja kilichofunguka ili iruke inavyotaka kwa namna ile ile kila mara, mimi hili peke yake lilinipunguzia mtawanyiko wa tundu kwa nusu. Kuhusu risasi nunua makopo madogo ya aina tatu nne, JSB, H&N, RWS, pima mwenyewe, kila mtutu una mchumba wake. Yangu haitaki kabisa ile ambayo kila mtu anaisifia.

Sheria kidogo kwa mlioko huku. Uwe na miaka 18, ifungie mbali na watoto, na risasi isivuke mpaka wa eneo lako. Scotland ni habari nyingine, tangu mwisho wa 2016 lazima uwe na cheti, na Ireland ya Kaskazini nayo ina masharti yake, kwa hiyo usisafiri nayo kichwa kichwa.

Binamu yangu kanitumia voisi wiki iliyopita, "kaka niletee moja kwenye begi, kwelea kwelea wanamaliza mpunga." Nimemwambia kwenye begi langu hapana, hiyo ni bunduki, aanzie polisi aulize utaratibu kwanza. Kanijibu na kiemoji cha kulia, halafu akaniuliza, sasa ile yenye futi elfu uliiuza?

Haijauzwa. Iko chini ya kitanda, na kibegi chake.