Mi ya fidla ya Uskoti: imekosewa au imekusudiwa?

Sikiliza rekodi za wapiga fidla wa zamani wa Uskoti, kama zile zilizokusanywa na School of Scottish Studies ya Edinburgh tangu 1951. Kwa baadhi yao noti mbili zitakusumbua: mi na ti, yaani ya tatu na ya saba katika do-re-mi. Ziko chini ya pale unapozitarajia, lakini hazijashuka kiasi cha kuwa noti nyingine. Waliosoma muziki darasani wana jibu la haraka: mzee hakufundishwa, kidole kimekosea. Mara nyingine ni kweli. Linalonikera ni jinsi jibu hilo linavyotolewa kabla mtu hajasikiliza hata mwisho wa wimbo.

Umbali kati ya noti hupimwa kwa senti. Piano, kutoka do hadi mi, ina senti 400, yaani kila nusu toni senti 100. Lakini mi inayotulia kabisa juu ya do, bila kutetemeka, iko kwenye 386 hivi. Na mpiga fidla wa okestra akiijenga mi kwa kufuata nyuzi zake zilivyolinganishwa, anafika karibu 408. Mwenye fidla ajaribu mwenyewe: aweke kidole cha kwanza kwenye uzi wa A apate B, ailinganishe na uzi wa E mpaka zipatane, kisha, bila kusogeza kidole, aipige B hiyo pamoja na uzi wa D. Zinagombana. Tofauti ni kama senti 22, na wapiga fidla wa okestra wanaishi nayo kila siku, wakihamisha kidole kulingana na noti iliyo jirani. Basi kati ya mi hizo tatu, iliyo sahihi ni ipi? Ajabu ni kwamba ikipanda tunaiita hisia, ikishuka tunaiita kosa.

Uskoti ina sababu yake ya kuizoea mi ya chini. Bagpaipu, zumari ya mfuko wa hewa, ina noti tisa tu, na chini yake mabomba yananguruma A bila kukoma. Mbele ya mngurumo huo, A ikiwa do, mi ya piano inakwaruza. Ile ya 386 inatulia. Nyimbo nyingi za fidla zimetoka huko, na wapigaji wengine huibadilisha fidla yenyewe: nyuzi mbili za chini, G na D, zinapandishwa toni nzima, nyuzi zote nne ziwe A-E-A-E. Mtindo huo umeishi visiwa vya Shetland, na pia Cape Breton nchini Kanada, walikohamia Waskoti wa nyanda za juu. Nyuzi zisizoshikwa zinavuma chini ya wimbo, na sikio linaanza kudai kile kile bagpaipu inachodai. (Aliyelelewa na taarab ya kale ya Zanzibar, ambako fidla hupita katikati ya noti za piano, hatashtuka.)

Upande wa pili una hoja nzito kuliko ile ya vidole vibovu. Katika reel, wimbo wa kuchezea dansi wa kasi, noti saba hivi zinapita kwa sekunde moja. Nani anasikia senti 14 hapo, na nani atathibitisha kwamba zilikusudiwa? Wengine walirekodiwa wakiwa wazee, mikono imekakamaa. Na mpiga fidla James Scott Skinner, aliyezaliwa 1843 na kupata mafunzo ya okestra Manchester akiwa kijana, ni Mskoti kama wao. Huwezi kusema asili ni mi ya chini peke yake.

Nakubali yote hayo, ndiyo maana mtu aiache reel na kusikiliza nyimbo za polepole, ambako noti inadumu. Sikiliza noti za tano (do hadi so) na oktavu za mpigaji huyo huyo. Kama nazo zinayumba, mkono ndio mbovu. Kama zimenyooka, na mi inarudi pale pale chini kila wimbo unaporudiwa, sioni kwa nini tuendelee kumlaumu.

Kwenye bendi yenye akodiani sina ubishi: noti zake hazisogei, na asiyezifuata anawaharibia wenzake. Lakini kwa mwanafunzi anayepiga peke yake, nyuzi zikiwa A-E-A-E, programu ya simu ya kupimia sauti itamwambia mi yake imeshuka senti 14, wakati iko pale hasa uzi wa A unapoitaka.