Kamanda akiwa mbele, nani anaongoza divisheni?

Mjadala wowote kuhusu uongozi wa divisheni ya vifaru huishia kwa Erwin Rommel, kamanda Mjerumani wa Vita vya Pili vya Dunia: jenerali juu ya gari la deraya, vumbi usoni, akitoa amri papo hapo. Meja Otto Heidkämper, mnadhimu wake wa oparesheni (ofisa anayepanga na kuratibu mapigano) katika Divisheni ya 7 ya Vifaru Ujerumani ilipovamia Ubelgiji na Ufaransa mwaka 1940, hatajwi sana, na akitajwa huwa ni yule mwoga aliyebaki nyuma na ramani zake. Hukumu hiyo haimtendei haki.

Wanaotaka kamanda awe mbele wana hoja. Vifaru vikishapenya, taarifa ya saa moja iliyopita imeshachacha. Tarehe 15 Mei Rommel alichora mstari ramanini kutoka kanisa la Rosée hadi kanisa la Froidchapelle, vijiji vya Ubelgiji, na kuutia namba. Alipotaka mizinga ipige mji wa Philippeville, uliokuwa karibu na namba 11, ilitosha kusema redioni: pigeni kuzunguka kumi na moja. Hakukuwa na haja ya kusimba ujumbe, maana adui hakuwa na ramani yenye mstari ule. Usiku wa 16 kuamkia 17 Mei alipita miji ya Avesnes na Landrecies, kaskazini mwa Ufaransa, hadi mlangoni mwa Le Cateau, na divisheni ikahesabu vifo 35 tu huku mateka Wafaransa wakikadiriwa kufika 10,000.

Wanaongeza na mfano wa kinyume. Tarehe 8 Oktoba 1973 Jenerali Shmuel Gonen, mkuu wa kamandi ya kusini ya Israel, aliongoza mapigano ya Sinai dhidi ya Misri akiwa kituoni Umm Hashiba, nyuma ya mstari wa mapigano. Akiamini divisheni ya Jenerali Adan inashinda, aliipeleka divisheni ya Jenerali Sharon kusini, kisha akairudisha. Siku ikaisha bila divisheni hiyo kupigana inavyotakiwa. Tume ya Agranat, iliyochunguza vita hiyo nchini Israel, ilimlaumu, na kwa haki.

Lakini turudi kwenye ile asubuhi ya Le Cateau. Redio ya Rommel ilikuwa imeita makao makuu usiku kucha bila kujibiwa. Alipogeuka kutazama nyuma, alikuta ana batalioni mbili hivi za vifaru na askari wachache. Sehemu kubwa ya divisheni ilikuwa bado haijafika. Risasi zilikuwa chache na matangi yanakauka. Akapanda gari lake la mawasiliano kurudi mashariki kuwatafuta watu wake, akisindikizwa na kifaru kimoja ambacho nacho kiliharibika njiani. Kamanda wa divisheni amegeuka tarishi, na kwa saa hizo hakuna aliyekuwa akiiongoza divisheni nzima.

Baadaye alimlaumu Heidkämper kwamba alikaa mbali na hakusukuma mafuta mbele. Tupige hesabu ya mafuta hayo. Divisheni ilikuwa na vifaru zaidi ya 200, na karibu 90 kati yake vilikuwa vya Kicheki, aina ya 38(t), kila kimoja kikibeba takriban lita 220. Kukijaza kimoja ni majerikeni 11 ya lita 20. Kuvijaza vyote 90 ni karibu majerikeni 1,000. Jerikeni lililojaa lina uzito wa kilo 20 hivi, kwa hiyo lori la tani tatu huchukua 150, na unahitaji malori saba kwa aina hiyo moja tu ya kifaru. Malori hayo hayana deraya. Yanapita barabara ambayo Wafaransa wenye silaha bado wamejaa pande zote mbili, usiku, na dereva lazima aambiwe anakwenda kijiji gani. Mnadhimu asiyejua vifaru viko wapi, ambaye redio yake iko kimya, angeyapeleka wapi? Angekosea njia, kesho yake divisheni isingekuwa na mafuta wala malori.

Tarehe 21 Mei karibu na mji wa Arras, Ufaransa, kasoro ileile ilijitokeza kwa sura nyingine. Rejimenti ya vifaru ilishatangulia peke yake, askari wa miguu wakaachwa wazi ubavuni, na Waingereza wakawaingilia na vifaru 74. Risasi za mizinga ya milimita 37 zilidunda kwenye chuma cha Matilda, kifaru kizito cha Waingereza. Rommel alikimbia kutoka mzinga hadi mzinga akiupa kila mmoja shabaha, na hatimaye mizinga ya masafa, pamoja na ile ya milimita 88 ya kutungua ndege, ikawasimamisha. Ushujaa ule ni wake, sina ubishi. Ila pengo kati ya vifaru na askari wa miguu lilizaliwa na uongozi uleule, na lingeonwa mapema na mtu aliyekaa mahali pa kuiona divisheni yote, mwenye mamlaka ya kuisimamisha.

Kwangu mimi, kilichokosekana ni mamlaka hayo. Kamanda aende mbele, lakini kabla ya kuondoka amwachie mnadhimu lengo la siku, mstari ambao vifaru havitauvuka bila mafuta kufika, mahali malori yatakapokutana na vifaru, na saa za kuripoti. Ripoti mbili mfululizo zikikosekana, mnadhimu ashike amri na kuzisogeza rejimenti za nyuma bila kungoja ruhusa. Kituo cha mbele kikitaka kuhama, kisizime redio mpaka kituo kikuu kithibitishe kwamba kimepokea uongozi. Heidkämper hakuachiwa hata kimoja kati ya hivyo.